KAMBA YA KUVUTA MWENZAKO



Tunawaandikia sisi wanafunzi wane wa kalasi ya tano, juu ya muchezo wa ordinatere uliotupatisha haya. Msicheke mbele ya kusoma mpaka mwisho.

Muchezo unaitwa Cave Story. Uliandikwa na mutu mumoja wa Japani, Daisuke Amaya, anayejiita Pixel. Hakuwa na kampuni nyuma yake. Kwa miaka mitano, saa za mapumziko, aliandika programu, akachora picha, akatunga hadisi na miziki, yote peke yake. Kisha, mwezi wa 12 wa mwaka 2004, akautoa bure kwa kila mutu. Ni mwepesi sana, hata ordinatere ya zamani ya kaka ya mwenzetu inauweza. Maneno yake tuliyasoma kwa Kingereza, kamusi iko pembeni.

Roboti anaamuka ndani ya pango, hakumbuki jina lake wala kazi yake. Kumbe yuko ndani ya kisiwa kinachoelea juu hewani, kwao Mimiga, watu wadogo wanaofanana na sungura. Daktari mumoja mubaya, mwenye taji la nguvu, anataka kuwalisha maua mekundu ili washikwe na kasirani na wawe askari wake. Wewe unaruka, unapanda, unapiga bunduki. Lakini si kuruka tu. Adui akikufa anaacha vipande vya njano vya pembe tatu. Ukiviokota, bunduki inapanda cheo, mpaka cha tatu. Ukipigwa, inashuka. Ni kama pointi zetu za mitihani!

Tulikuwa tunachezaka kwa zamu, kila mutu nusu saa, wakati umeme uko. Siku moja mwenzetu wa ine alirudishwa nyumbani sababu ya minerval. Tuseme kweli: hatukulia. Tulihesabu kwamba zamu zetu sasa ni ndefu.

Ndani ya muchezo kuna roboti mwingine, musichana, jina lake Curly Brace. Anapigana pamoja nawe. Nyuma ya vita moja kubwa, maji yanajaa chumba. Curly anakupa chombo chake cha hewa, na yeye mwenyewe anazama. Sisi tulimuacha pale, tukaendelea.

Kaka akatuambia: "Munaweza kumuokoa. Kuko kamba ya kumufunga mugongoni." Tulirudi, tukatafuta, hakuna kamba. Akatueleza: kamba haipatikani kama mbele yake ulikwisha kupokea mashini ndogo ya kurukia toka kwa Profesa Booster aliyeumia. Na sisi tuliipokea mbio mbio, bila kufikiri. Kosa lilikuwa la zamani. Malipo yakaja nyuma.

Tulizima ordinatere. Hakuna aliyesema kitu, lakini wote watatu tulifikiri mutu mumoja. Yeye pia tulikuwa tunavuta hewa yake.

Kesho yake tukamupelekea manoti ya juma mbili. Mama yake alitupokea vizuri, na hiyo ilituumiza zaidi. Kisha, siku tatu za posho, tulibeba matofali kwa mujengaji mumoja. Feza ile haikufika minerval yote, ilifika nusu. Tukaenda kwa prefe pamoja na mama. Prefe akakubali mwenzetu arudi, na nusu nyingine ilipwe mwisho wa muhula. Ile nusu bado tunaitafuta.

Muchezo tuliuanza tena toka mwanzo, sisi wane. Safari hii mashini ya Booster hatukuipokea. Wakati maji yalipojaa, mwenzetu ndiye alikuwa na zamu. Akaiona kamba, akamufunga Curly, akamubeba.

Wazee wanasema kidole kimoja hakiui chawa. Pixel aliandika muchezo peke yake, ni kweli. Lakini ndani yake aliweka kamba. Ndugu musomaji, angalia benchi lako: ni nani hayuko?

Wanafunzi wane wa kalasi ya tano