Bajeti Niliyoitia Saini

Kwa miaka minne nimekuwa mlezi wa klabu ndogo ya mpira wa miguu katika kata mojawapo ya Manispaa ya Songea. Mlezi, kwa desturi yetu, ni mtu mwenye mshahara anayeombwa jezi. Sikulalamika. Nilipenda kuitwa hivyo, na nilipenda zaidi kuketi Jumapili jioni kando ya kiwanja cha udongo mwekundu, nikiwatazama vijana wanaojiona warithi wa Majimaji, Wana Lizombe wa mji huu.

Msimu uliopita kiungo wetu, dereva wa bodaboda mwenye mke na mtoto mchanga, alitumbukiza mguu katika shimo karibu na mstari wa pembeni, wakati uleule beki wa wapinzani akimteleza. Mlio niliusikia nikiwa kitini. Mtu mmoja alimmwagia maji usoni. Wa pili akaushika mguu na kuuvuta ili mfupa urudi mahali pake. Wa tatu alileta kijiko kuzuia asimeze ulimi, ingawa kijana alikuwa akipiga mayowe, na mwenye kupiga mayowe hana shida ya ulimi. Hatimaye wakampakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, mguu ukining'inia, wakateremka naye barabara ya mawe. Mimi, msomi wao, nilikuwa napiga simu isiyopokelewa.

Pale kiwanjani mfupa ulikuwa umevunjika ndani ya ngozi. Tulipofika hospitali ulikuwa umetokeza nje. Daktari aliuliza swali moja tu: nani alimbeba?

Usiku ule niliitoa bajeti ya msimu niliyoitia saini kwa mkono wangu. Mlikuwamo posho ya mwamuzi, jezi, nauli, soda, chokaa ya mistari, na fungu la "mengineyo" ambalo kila aliyewahi kuongoza klabu anajua huishia kwa mganga gani. Hapakuwa na hata bandeji moja. Kati ya wachezaji 11 walioanza siku hiyo, wanne ndio waliovaa vikinga ugoko, mmoja wao akiwa amekata vya kwake kutoka kwenye boksi. Na hilo ni vazi la lazima kwa mujibu wa sheria ya nne ya mchezo wenyewe.

Ndugu msomaji, sisi husema "mpira ndivyo ulivyo" na kuendelea. Tulisema hivyo hata tarehe 4 Desemba 2016, pale Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao alipogongana na mpinzani katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akaanguka na kufariki dunia. Tulilia, rambirambi zikaja hadi kutoka FIFA, kisha viwanja vya mitaani vikabaki vilevile. Sidai kwamba kila kifo kinazuilika. Lakini Christian Eriksen alipoanguka Copenhagen, Juni 2021, moyo wake ukiwa umesimama, aliokolewa palepale kwenye nyasi kwa mikono iliyobonyeza kifua na mashine ya kuushtua moyo. Mashine hatuna. Mikono tunayo: kubonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimeta tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni jambo ambalo mwanafunzi wa sekondari hujifunza mchana mmoja.

Na wanaosema hayo ni ya Ulaya watazame Lagos. Huko timu 20 za vijana zilishirikishwa katika utafiti wa mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA, yanayochukua dakika 20 na kuhitaji mpira tu. Timu zilizoyafanya zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko zisizoyafanya.

Tulipoandaa nyaraka za kusajili klabu tuliandika katiba, rangi za jezi na majina ya viongozi. Jina la mtu anayejua kumhudumia majeruhi hatukuliandika, kwa kuwa hatukuwa naye. Ndugu zangu maofisa michezo wa halmashauri, ombeni jina hilo kabla ya kutoa kibali cha bonanza lolote. Halitagharimu serikali shilingi.

Sasa kila Jumamosi tunakwenda na majembe kufukia mashimo. Muuguzi mmoja jirani ametufundisha kuufunga mguu kwa vipande viwili vya ubao na khanga bila kuunyoosha, na kumsubiria majeruhi gari ambamo atalazwa. Nahodha alinung'unika kwamba sanduku la dawa limekula fedha za jezi za ugenini. Ni kweli, limekula.

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali kijana wetu. Mkewe sasa anauza maandazi. Pikipiki aliyokuwa akiilipia kwa mkataba mwenyewe aliichukua mwezi wa pili wa ugonjwa. Aliniamkia, akasogeza magongo nipate pa kukaa, kisha akauliza, "Mwalimu, namba yangu mmempa nani?"