Kengele Iliyolia

Mwaka 1981 nilikuwa mkufunzi wa Kiingereza katika chuo cha ualimu. Vitabu vilikuwa haba, lakini redio kaseti nilikuwa nayo, pamoja na kanda ya Boney M. Wimbo wao wa mwaka 1978, "Rivers of Babylon", ulinifaa kuliko kitabu, kwa kuwa maneno yake mengi yametoka katika Zaburi ya 137. Wanachuo waliolelewa kanisani walikuwa na maana yake tayari kwa Kiswahili. Waislamu wakasimuliwa na wenzao.

Niliandika maneno ubaoni nikiacha mapengo, nao wakasikiliza na kuyajaza. Kiitikio kiliporudi mara ya tatu hakuna aliyekosea "wept". Na mimi nilikuwa nimepoteza wiki nzima nikiwakaririsha vitenzi vya aina hiyo!

Kisha zikaja kadi. Nilizikata kutoka maboksi ya chaki: neno la Kiingereza kwenye moja, la Kiswahili kwenye nyingine, zote zikalazwa kifudifudi. Mchezaji hufunua mbili akitafuta jozi. "Wept" ilioana na "ililia, alilia, walilia". Walishangilia kama wako mpirani.

Wiki iliyofuata mwanachuo mmoja, kijana mtaratibu, aliandika katika insha yake: "The bell wept." Nikaisoma sentensi ile mbele ya darasa. Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Akasimama.

"Ndugu Mkufunzi, kadi yako ndiyo iliyosema hivyo. Kwani kengele hailii?"

Nikamwambia aketi, asinifundishe kazi.

Usiku niliitoa ile kadi nikaitazama. Kwetu mtoto hulia, kengele hulia, bunduki hulia. Mwingereza ana kitenzi chake kwa kila kimoja. Wimbo uliwapa neno likiwa pamoja na jamaa zake: mto, uhamisho, kumbukumbu ya nyumbani. Mimi nikalikata kwa mkasi na kulitenga.

Nikatengeneza kadi mpya, sentensi nzima yenye pengo upande mmoja, neno lake upande mwingine. Mchezo ukawa wa polepole na, niseme kweli, makelele ya furaha yakapungua. Yule kijana alicheza kama wengine, ila hakunyoosha mkono tena katika kipindi changu hadi alipohitimu. Radhi sikumwomba. Siku zile mkufunzi hakumwomba mwanachuo radhi, au ndivyo nilivyojiambia.