Ramani Baada ya Dhoruba

Katika nchi za Norway na Sweden watu hushindana mbio kwa ramani na dira. Shindano la kwanza la watu wote lilifanyika Norway mwaka 1897. Mkimbiaji hupewa ramani yenye duara, na penye kila duara pana bendera; njia ya kufikia huichagua mwenyewe. Katika ramani hiyo rangi ya kijani ni kichaka kizito, na msitu mwepesi huachwa mweupe, jambo limshangazalo mgeni.

Mchezo huu huchezwa hata katika viwanja vya shule. Lakini dhoruba ikipita usiku, mwenye kuuandaa hatundiki bendera upesi. Kwanza huizunguka shule kwa miguu, ramani mkononi. Huenda kijito kimefurika, na daraja limechukuliwa. Baya zaidi ni tawi lililovunjika likanasa juu, maana mtoto atazamaye ramani halioni. Basi bendera za hapo huhamishwa, na ramani husahihishwa.

Watoto huhesabiwa wakitoka na wakirudi; hata aliyeshindwa njiani sharti aje kujionyesha. Wakitoka 40 wakarudi 39, hakuna aendaye nyumbani. Wakubwa huingia msituni kumtafuta huyo mmoja.