Saa Mbili za Uswisi

Saa ni mapatano kabla ya kuwa pambo. Jua la adhuhuri hufika utosini mwa Musoma dakika kama 22 baada ya kufika utosini mwa Dar es Salaam, kwa kuwa Musoma iko magharibi zaidi. Lakini miji yote miwili husema ni saa sita kwa wakati mmoja. Avaaye saa, basi, amekubali kuishi kwa hesabu moja na watu wengine. Kwa hiyo uchaguzi wa saa haumhusu mvaaji peke yake.

Neno hili lilimfikia mkulima mmoja wa Butiama alipotaka kumtunza binti yake aliyehitimu uuguzi. Aliuza fahali, akatia nia ya kununua saa ya Uswisi, kitu ambacho watu wa hali yake hawakinunui mara mbili maishani. Bunda alionyeshwa Tissot ya betri. Musoma, kwa fundi wa saa, alionyeshwa Roamer kuukuu ya kutia ufunguo. Bei zilikaribiana, na fedha yake ilitosha saa moja tu.

Moyo wake ulielekea Roamer. Marehemu baba yake alikuwa na saa kama ile, aliyoipata kwa fedha ya pamba, na kila usiku kabla ya kulala aliitia ufunguo. Ndani ya saa hiyo kamani hukazwa. Ikilegea polepole husukuma magurudumu, na gurudumu la mizani hugawa nguvu ile kwa vipimo sawa. Tissot ilikuwa ya ukoo mwingine. Fuwele yake ya kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde moja kwa nguvu ya betri. Saa ya mkono ya namna hiyo iliuzwa kwanza Japani mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 ikavitikisa viwanda vya Uswisi hata maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi, mpaka Waswisi nao wakaikubali.

Mkulima alizipima kwa haki. Roamer, ilipolinganishwa na redio usiku na mchana, ilichelewa dakika moja. Saa ya kwatzi hukosea sekunde chache tu kwa mwezi. Mwenye pupa angehukumu hapo. Lakini mapigo ya moyo huhesabiwa kwa muda usiozidi dakika moja, na saa ipotezayo dakika kwa siku hupoteza katika muda huo sehemu ya 24 tu ya sekunde. Kasoro hiyo haimdhuru mgonjwa. Ikabaki kumwuliza mwenye kazi.

"Mwanangu, ipi yakupendeza?"

"Zote nzuri, baba. Lakini usiku wodini taa ni hafifu. Mshale wa sekunde wa hii kuukuu umo katika kiduara kidogo chini. Nisipouona vema nitakisia. Tena sisi hunawa mikono kila mara, na hii haizuii maji."

Baba alinyamaza. Aliona kwamba alikuwa karibu kujinunulia kumbukumbu yake mwenyewe kwa jina la zawadi. Siku ya pili akarudi Bunda, akalipa.

Hapana shaka alipoteza kitu. Betri huisha bila kuaga, na saa isiyotiwa ufunguo haimfundishi mtu kukumbuka wajibu wake kila usiku. Hata hivyo wajibu wa muuguzi una mwalimu mwingine, naye ni mgonjwa alalaye mbele yake. Hajui jina la saa wala nchi ilikotoka. Analojua ni kwamba vidole vimeshika kifundo cha mkono wake, na kwamba mtu anahesabu wala hakisii.