Coventry, Mji Ulionichoma Mguu

Mtoto wa Dar mwenye alama ya duara kwenye shavu la mguu wa kulia huna haja ya kumuuliza kaipatia wapi. Ekzosi ya bodaboda hiyo. Ya kwangu niliipata Mbagala Rangi Tatu, nilipokuwa nashuka haraka haraka nikikimbia mvua. Sasa ninayo nyingine, mguu wa kushoto, na hii ya pili wapenzi wasomaji ni ya majuu. Imetoka Coventry, Uingereza, kwenye gari ambalo hata namba lilikuwa bado halijapata.

Ngoja niwapeleke taratibu.

Coventry ni mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka stesheni ya Euston, London. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliushindilia mji huu mabomu, na kanisa lao kuu la kale limebaki kuta tupu mpaka leo. Wameliacha hivyo hivyo makusudi, jipya wakalijenga ubavuni. Watalii wanapiga picha hapo, nami nikapiga yangu. Lakini mji wenyewe ni mji wa magurudumu. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, yaani bibi mzaa bibi wa Phoenix ya babu yako, ilitoka hapa mwaka 1885. Daimler walianza kuunda magari hapa 1897, Jaguar wakahamia 1928. Kwenye makumbusho yao ya usafiri lipo lile dude jeusi, Thrust SSC, lililokimbia kilomita 1,228 kwa saa mwaka 1997 likiwa na injini mbili za ndege. Nililizunguka mara tatu. Ekzosi yake unaweza kuingia na mtoto mgongoni.

Viwanda vyenyewe vingi vimekufa. Jaguar pale Browns Lane waliacha kuunda magari mwaka 2005, na Peugeot pale Ryton, nje kidogo ya mji, wakafunga 2006. Wazee waliotoka humo hawakukubali kukaa kibarazani. Wakahamishia viwanda uani kwao.

Na hapo ndipo Mjomba anapoingia. Mjomba, mdogo wake mama, anakaa Foleshill, mtaa wa nyumba zilizoshikana kama mabehewa, wenye maduka ya Wahindi, Wasomali na Wapolandi. Nyuma ya nyumba kuna kichochoro, na kwenye kichochoro kuna vibanda vya kulaza magari. Humo ndimo mimi nilimomalizia likizo yangu ya wiki tatu, wakati Anti, mke wa Mjomba, alishanipangia kunizungusha madukani.

Kibanda cha tatu ni cha mzee mmoja Mwingereza, miaka 71, aliyefanya kazi Ryton hadi geti lilipofungwa. Ndani yake mlikuwa na gari la kijani, fupi, lenye mabega mapana kama mbeba magunia wa Kariakoo. Cobra! Nilijua kwa sababu nimeliona kwenye video. Mzee akacheka, akaniambia si Cobra bwana, ni mfano wake, nalijenga mwenyewe.

Kwa wasiojua, Cobra ya kweli ilianza mwaka 1962. Mmarekani mmoja wa Texas, Carroll Shelby, aliyewahi kufuga kuku na kisha kushinda mashindano ya Le Mans ya 1959, aliacha kukimbiza magari kwa ajili ya maradhi ya moyo. Akachukua kigari chepesi cha kampuni ya AC, cha kule Thames Ditton, Surrey, akakitia injini ya Ford ya V8. Mwanasesere akawa nyoka. Yaliyoundwa miaka ile ni kama 1,000 tu, na la kwanza kabisa liliuzwa mnadani Marekani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Sasa mstaafu wa Ryton atatoa wapi hizo? Ananunua bodi ya faiba na chasisi, anatafuta Jaguar iliyogongwa na kung'oa ekseli yake, na injini anachukua ya Rover, V8 ya lita 3.5. Hiyo injini msiidharau, ndiyo iliyokuwa kwenye Range Rover za kwanza za mwaka 1970. Halafu anafunga nati moja baada ya nyingine mpaka mke anazoea kulala peke yake.

Huyu wa kwetu alikuwa amefika mwaka wa sita. Kilichobaki ni mabomba ya moshi, na mabomba yalikuwa yamemtoa jasho.

Gari lako la kawaida linapitisha moshi chini ya tumbo hadi nyuma. Cobra ya mashindano haina subira hiyo. Kila upande mabomba manne yanachomoza kwenye tundu lililo nyuma ya gurudumu la mbele, yanaungana kuwa bomba moja nene la stenlesi, linapita chini ya mlango na kutema moshi kabla ya gurudumu la nyuma. Njia fupi, uzito mdogo, hakuna cha kukwaruza tuta. Na ujiko, tusidanganyane. Gari lile bila mabomba ya ubavuni ni kama bwana harusi aliyevaa suti na ndala.

Tatizo la Mzee lilikuwa hivi: bomba la kushoto lilikaa chini kuliko la kulia, kama upana wa kidole. Alikuwa ameshayafungua mara nne. Kila akipima anapata kipimo kingine, na bado hajachomelea vishikio vya mwisho, maana ukishachomelea vibaya umetupa bomba, na jozi moja ya mabomba yale si bei ya kuchezea kwa pensheni.

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia: "Mbona hapo jirani yako kuna fundi wa ekzosi? Mjomba wangu kachomelea ekzosi Gerezani miaka kumi."

Mzee akanitolea macho. Wamekaa jirani miaka kumi na minne, anamjua Mjomba kama yule bwana mpole wa ghalani, wa zamu ya usiku.

Jioni ile Mjomba alinifokea, na Mjomba si mtu wa kufoka. "Nani kakutuma?" Nikanyamaza. Baadaye Anti ndiye aliyenisimulia jikoni. Mwaka 1999 alipofika, Mjomba alikwenda kwenye gereji moja kuomba kazi. Wakamwomba vyeti. Akawaonyesha mikono. Wakacheka, si kwa ubaya sana, anasema Anti, lakini wakacheka. Akaingia ghalani kupanga maboksi na tangu siku hiyo hakushika mashine ya kuchomelea, wala hakutaka mtu wa mtaa ule ajue kwamba aliwahi kuwa fundi.

Basi nilijua nimeharibu. Lakini asubuhi saa moja, ametoka zamu, koti la ghala bado mwilini, nikamwona anapitiliza mlango wa nyumbani kwake na kuingia kichochoroni.

Hakugusa spana. Alizunguka gari mara mbili mikono nyuma, kisha akaomba mpira mwembamba unaopitisha mwanga na maji kidogo. Mzee hakuelewa. Mtu yeyote aliyewahi kuona mafundi wetu wakijenga msingi anaelewa: maji kwenye mpira hayasemi uongo, ncha mbili lazima zilingane. Mjomba akashika ncha moja upande wa kulia, mimi nyingine upande wa kushoto, na baada ya dakika tano jibu likatoka. Sakafu ndiyo ilikuwa imelala! Waliojenga kibanda waliinamisha saruji ili maji ya mvua yatoke, na Mzee siku zote alikuwa akipima kutoka sakafuni kwenda juu.

Tukaweka vibao chini ya magurudumu mpaka gari likakaa sawa na maji. Ile tofauti ya kidole ikabaki milimita nne. Mzee bado hana raha. Mjomba akamwambia hizo nne ni za bodi, faiba haitoki kwenye kalibu ikiwa pacha kulia na kushoto. Akaongeza, kwa Kiingereza chake cha pole pole, "Acha kulinganisha bomba na bomba. Linganisha bomba na ubavu wake. Hakuna mtu anayeona pande mbili za gari kwa mara moja."

Mzee alikaa kwenye ndoo, akacheka mpaka akakohoa.

Siku nne zilizofuata sikwenda dukani hata mara moja, na Anti alininunia kidogo. Nilijifunza mambo ambayo shule haikunifundisha. Kwamba injini ya V8 ikipigwa resi inajipindua ubavu, kwa hiyo bomba lililofungwa kwa chuma mbele na kwa chuma nyuma litapasuka, tena palepale ulipochomelea. Mzee alikuwa amelikaza kwenye chasisi kwa chuma kitupu. Gerezani dawa yake ni kipande cha tairi kuukuu katikati ya vyuma viwili, na Mjomba alitaka kumkatia. Mzee akasema hapana, akaenda kununua mipira maalumu. Kazi ni ileile. Nilijifunza pia kwamba stenlesi ikipata moto inarefuka: bomba la mita moja na nusu likizidi joto kwa nyuzi 300 linaongezeka karibu milimita 8. Ukilibana dhidi ya faiba asubuhi likiwa baridi, mchana litakula rangi. Ndiyo maana waliacha nafasi ya kupitisha kidole pande zote za tundu.

Kuchomelea ndiko kulikokuwa na kashikashi. Mjomba alizoea gesi na stiki. Stenlesi nyembamba inataka mashine ya TIG, mkono mmoja unashika mwali, mwingine unalisha waya, mguu unakanyaga pedali, na gesi ya argoni inapita hadi ndani ya bomba ili upande wa nyuma usiungue ukawa mweusi kama kaa. Vipande viwili vya kwanza vya mazoezi alivitoboa. Niliona mkono wake unatetemeka, nikageuka kuangalia ukuta. Mzee hakusema kitu. Alimwekea kipande cha tatu, akasimama nyuma yake na kumwelekeza mguu tu: kanyaga, achia, kanyaga. Cha tano kilitoka na mistari kama magamba ya samaki. Mzee akavaa miwani yake, akakiangalia muda mrefu, kisha akaenda kuleta bomba lenyewe.

Walishikiza kwanza kwa nukta nukta gari likiwa na bodi yake, wakatazama kwa mbali, wakavua, ndipo Mjomba akamalizia juu ya meza. Kulia Jumatano, kushoto Alhamisi. Usiku alikwenda ghalani kama kawaida. Sijui alilala saa ngapi.

Ijumaa likawashwa.

Nisikilizeni. Muungurumo ule hauingii masikioni, unaingia tumboni. Kikombe cha chai cha Mzee kilitembea juu ya meza. Dirisha moja likafunguliwa, kisha la pili. Lakini raha hiyo ina sheria yake. Gari la kujiundia Uingereza haliingii barabarani bila ukaguzi wa serikali uitwao IVA, ulioanza mwaka 2009, na kelele wanazipima kwa kipima sauti kilichowekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45. Mwisho desibeli 99. Kipima sauti cha Mzee kikaandika 103. Wakafungua silensa, lile bomba la ndani lenye matundu, wakalizungushia upya sufi ya kioo kwa kuibana zaidi. Ikawa 98.

Furaha ikazidi. Mzee akanikaribisha nikae kiti cha abiria nionje, injini ikanguruma. Nikaonja. Nikashuka kama ninavyoshuka daladala, mguu wa kushoto mbele, kaptura, shavu la mguu likalalia bomba lililo chini ya mlango. Kelele niliyopiga hiyo haikupimwa. Wenye magari haya wanaita kuumwa na nyoka, na wanaringia kovu lake. Anti alitoka mbio na dawa ya meno, kama bibi yake alivyomfundisha. Mzee akamzuia kwa heshima, akanivuta hadi kwenye bomba la maji baridi na kunisimamisha hapo dakika 20 kwa saa. Malengelenge yalikuwa madogo, kwa hiyo kwa hili nampa Mzungu ushindi.

Nilirudi Dar kabla ya ukaguzi. Mjomba alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza sauti ilikuwa chini: kelele zimepita, lakini gari limerudishwa kwa ajili ya kibano kimoja chini ya bomba la kulia, ncha yake kali, wao wanataka kila kona ya nje iwe imeviringwa. Kibano chenyewe alikitengeneza yeye. Nikaogopa kwamba mambo yameishia hapo. Lakini akaniambia kesho yake alishinda nalo na tupa, na Mzee alimwachia funguo ya kibanda.

Mara ya pili alikuwa anapiga kelele ili nimsikie. Limepata namba, na walikuwa njiani kuelekea Stoneleigh, kijiji cha jirani ambako kwa miaka mingi wapenzi wa magari haya wamekuwa wakikusanyika. Yeye kiti cha abiria. Nikamuuliza kama nyoka ameshamuuma.

"Mimi nimevaa suruali, mjomba," akasema, na simu ikakatika.