Taa ya Uani na Moto wa Jioni

Askari anapostaafu na kurejea kwao, aghalabu kitu anachokitamani kabla ya vingine ni mwanga. Amelala miaka mingi katika mahandaki, amekula chakula chake gizani, na amekatazwa kuwasha hata njiti ya kibiriti. Basi akipata kiinua mgongo hununua mabati, na baada ya mabati hununua taa.

Ndivyo alivyofanya sajini mmoja mstaafu wa Acholi, kaskazini ya Uganda, ambaye boma lake haliko mbali na mji wa Gulu. Alinunua paneli ya sola, betri, na taa moja kubwa nyeupe, akaitundika juu ya nguzo katikati ya ua, hatua tatu tu kutoka mahali jamaa zake wanapokoka moto jioni. Usiku wa kwanza majirani walikuja kuistaajabia. Sindano ingeanguka mchangani ingeonekana. Mama watoto alifurahi kuliko wote, kwani mwaka uliotangulia aliua nyoka penye njia ya jikoni, na tangu siku hiyo hakupenda watoto wapite pale usiku.

Wiki ya tatu baba yake sajini hakutoka nje. Alisema amechoka. Kesho yake alisema kuna baridi, ilhali baridi ndiyo iwatoayo watu kuja kuota moto.

Waacholi huuita moto huo wang oo. Hapo ndipo wazee walipowafundisha vijana nasaba zao, vitendawili, mipaka ya mashamba, na nani asioane na nani. Vita vilivyoanza kaskazini ya Uganda mwaka 1986 viliuzima katika maboma mengi. Watu zaidi ya milioni moja walikuja kuishi kambini, vibanda vya nyasi vikisongamana hata cheche moja iliweza kuunguza mtaa mzima, na giza likiingia kila mtu alitakiwa awe ndani. Mapigano yaliposimamishwa mwaka 2006 na watu wakaanza kurudi makwao, wako watoto waliokwisha kuwa watu wazima bila ya kuuota moto huo. Mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliorudi na kuukoka upya. Kwa hiyo kutotoka kwake halikuwa jambo dogo, na sajini alilifahamu.

Alimwendea, akachuchumaa mlangoni, akamwuliza kwa adabu kama kuna aliyemkosea.

“Hakuna, mwanangu. Taa yako ni nzuri. Lakini nikikaa pale siwaoni ninyi, naona weupe mtupu. Na tena, mara ya mwisho mimi kumulikwa usoni namna ile, nilikuwa naulizwa kitambulisho.”

Sajini hakujibu. Aliyekumbuka ni yule askari aliyekuwa ndani yake, aliyepata kushika lindo la usiku mjini Mogadishu, ambako jeshi la Uganda liliingia mwaka 2007. Kila mlinzi anajua kwamba aliye katika mwanga haoni aliye gizani, na kwamba jicho likikwisha kumulikwa huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza tena. Alikuwa ameyasahau hayo nyumbani kwake mwenyewe. Na kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, kama huyu, mwanga mkali hutawanyika ndani ya jicho na kuwa kama ukungu. (Taa haiponyi mtoto wa jicho, mzee huyo aliandikiwa siku ya kwenda kupasuliwa, na mwenye jamaa wa namna hiyo asikawie kumpeleka kwa daktari.)

Asubuhi aliishusha taa. Mama watoto akapinga, na hakukosa haki. “Baba watoto, nyoka naye atastaafu?” alimwuliza. Ikawa lazima itafutwe njia ya kuwaridhisha wote wawili.

Akanunua taa ndogo tatu, wati 3 kila moja, zenye mwanga wa manjano. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba yake huandikwa katika boksi la taa: moto wa kuni ni karibu 1,900, taa ya manjano ya madukani ni 2,700, na zile nyeupe sana hufika 6,000 na zaidi. Kadiri namba ya taa inavyokaribia ile ya moto, ndivyo viwili hivyo vinavyopatana. Taa ya manjano huvuta wadudu wachache pia, ingawa msimu wa kumbikumbi watoto waliiomba ile kubwa, wakaiwasha mbali nyuma ya zizi na kujaza ndoo mbili.

Taa mbili alizifunga kando ya njia ya jikoni, chini ya kimo cha goti, kila moja imevikwa kofia aliyoikata katika kopo la maziwa ili mwanga uanguke miguuni usipande machoni. Ya tatu aliificha nyuma ya shina la mwembe, ikimulika matawi, yakawa kama dari nyuma ya waketio. Penye moto wenyewe hakuweka taa yoyote. Waya aliupitisha ndani ya bomba na kuufukia mbali na makaa, na betri akaiweka nyumbani. Hata mawe yaliyouzunguka moto aliyabadilisha, kwa sababu yalitoka mtoni, na jiwe lililonywa maji huweza kupasuka likipata joto.

Jioni ile mzee alikuja na kigoda chake bila ya kuitwa. Alikaa kitambo akiwatazama wajukuu mmoja mmoja, nyuso zao zikiwaka na kufifia kwa kadiri ya kuni. Kisha akamwuliza mdogo wao kama anamjua babu wa babu yake. Mtoto akasema hamjui. Mzee akasogeza gogo motoni kwa mguu.

Mama watoto, aliyekuwa akipita na sufuria, alisema taa ya pili ya njiani bado i hafifu. Kesho yake sajini aliisogeza hatua mbili karibu na mlango.