JOZI MOJA YA NJUMU, WACHEZAJI WAWILI: BEI YA VIATU INAVYOWATESA MADOGO WA KITAA

Straika mmoja wa Ligi Kuu (jina kapuni) siku hizi kila kukicha anatupia picha ya njumu mpya. Rangi ya limao, kamba nyeupe, boksi limewekwa pembeni makusudi. Hakuna ubaya, hela yake na miguu yake. Ila watu wa Temeke waliomuona akikua wanacheka kimyakimya, maana wanamjua tangu anakimbia na raba ya shule iliyokatwa mbele ili kidole gumba kipumue.

Mtaa ule ule kuna dogo wa miaka 14, winga ya kulia, mwepesi balaa. Mama yake anauza chapati na supu asubuhi. Huyu mama hajui kuotea ni nini, ila muulize bei za njumu, atakutajia kama anataja namba yake ya simu.

Jozi ya kwanza ilitoka Karume, mtumba, Sh 18,000. Kosa ni kwamba alienda na dogo akiwa amevaa jezi, na muuzaji akishaona mtoto macho yamemtoka, bei haishuki tena. Wiki ya tatu soli ikafungua mdomo. Fundi akashona kuzunguka kwa Sh 3,000, ikasukuma mwezi. Jozi ya pili ilikuwa mpya, Kariakoo, Sh 35,000, jina la kampuni kubwa limeandikwa pembeni ila herufi moja imekosewa. Hizo meno yalianza kung'oka hata boksi halijatupwa. Ya tatu mtumba tena, ngozi yenyewe, meno sita ya chuma, mtaa mzima ukasifia. Hapo ndipo dogo akaanza kuchechemea.

Wengi hili hawalijui. Njumu za meno sita ya chuma ni za nyasi zenye maji, huko Ulaya, ili meno yazame kwenye tope. Ukimvalisha mtoto kwenye uwanja wa vumbi uliokauka kama sakafu, meno hayazami popote, kishindo chote kinapanda kisiginoni. Kwa viwanja vingi vya Dar bora zenye meno mafupi, mengi, ya plastiki. Ila ndizo kila mtu anazigombania, kwa hiyo wauzaji nao si wajinga.

Halafu mguu unakua bana! Mtu mzima njumu moja anaweza kwenda nayo misimu mitatu. Dogo wa miaka 14 akimaliza msimu mmoja bila vidole kujikunja ni bahati. Mama akaona ajanja, jozi ya nne akanunua namba 40 wakati mguu ni 38. "Atazikulia humo humo," alisema. Sponji la godoro likakatwa likajazwa mbele, soksi mbili juu yake, na malengelenge yakaja kama kawaida. Hizo zilikuwa Sh 25,000, zimetoka kwenye hela ya mchezo iliyokuwa imepangiwa kodi.

Kocha wa timu ya mtaa alijaribu njia nyingine. Alimtumia ujumbe yule straika. Na haki yake apewe, jamaa alijibu, tena akatuma njumu jozi tano. Zote namba 43! Sasa madogo wa namba 37 na 38 wafanyeje, wazivae mikononi? Kocha akauza mbili, akapata tatu ndogo za mtumba, zikaenda kwa watoto waliokuwa wanacheza peku kabisa. Winga hakupata, kwa sababu tayari alionekana ana njumu.

Na peku haikubaliki mbele ya safari. Sheria namba 4 ya soka inataka kila mchezaji avae viatu. Kitaa mtavumiliana, ila kwenye majaribio ya maana unarudishwa kabla hujagusa mpira. Watu wanapenda kuisimulia ile ya Sadio Mané, jinsi alivyokwenda majaribio Dakar na viatu vimechakaa mpaka mzee mmoja akamshangaa. Inapendwa kwa sababu aliitwa. Waliorudi nyumbani siku hiyo na viatu vya hivyo hivyo nani anawasimulia?

Basi yakatangazwa majaribio ya vijana, Jumamosi. Winga anaenda, na mshkaji wake wa mtaani, beki wa kushoto, naye anaenda. Beki ana mguu namba 40 kamili na hana kiatu hata kimoja. Baba yake ni bodaboda, na wiki hiyo pikipiki ilikuwa gereji. Wakakubaliana wajiandikishe makundi tofauti. Winga akacheza kundi la kwanza na sponji lake, kila akipiga krosi kiatu kinataka kuufuata mpira. Akavua, akatoa sponji, akampa mwenzake zikiwa bado za moto. Kwa beki zikakaa kama kapimiwa.

Jioni majina yakasomwa. Beki yumo. Winga hayumo.

Sasa beki anatakiwa kambini Jumatatu, na aje na njumu zake. Winga akazificha chini ya kitanda, siku nzima hasemi na mtu. Mama akamuacha mpaka usiku, halafu akamuuliza swali moja tu: "Wewe zinakutosha?" Dogo hakujibu. Alfajiri akazitoa mwenyewe, ila akatangaza masharti: haziendi bure, ni Sh 15,000, na sponji linabaki.

Baba wa beki anazilipa kidogo kidogo, akipita kunywa supu anaacha buku, siku nyingine buku mbili. Mpaka wiki iliyopita amefikisha Sh 9,000. Mama ameshaenda Karume mara moja kuangalia namba 38. Safari hii alienda peke yake.